Usiwashe Kwanza: Namna ya Kufufua Gemu ya Kaseti

Kapasita, kidude cha kwenye bodi kinachotunza umeme, ikipasuka inanuka kama dagaa walioungua. Nalijua hilo tangu Jumamosi moja jioni, niliporudi kutoka soko la Karume na gemu ya kaseti ndani ya kiroba, nimeinunua kwa bei ya mita mbili za kitambaa. Haikuwa na adapta. Nikachomoa ya ruta ya intaneti ukutani, nikaona plagi yake imekaa sawasawa kwenye tundu, nikabonyeza swichi. Taa nyekundu ikawaka mara moja, kikasikika "pap!", na moshi mwembamba ukatokea pale kaseti inapoingilia. Mtoto wa kaka yangu alikuwa keshakaa chini na pedi ya kuchezea mkononi. Akaniambia, "Shangazi, inapika."

Mimi ni fundi cherehani, Tandika, Dar es Salaam. Umeme sikuusomea. Nilichonacho ni vidole vilivyozoea vitu vidogo, pamoja na utoto niliopitisha kwenye kibanda cha gemu cha kaka yangu, ambako kazi yangu ilikuwa kukusanya hela na kupuliza kaseti. Mengine nilifundishwa na mzee mmoja fundi redio wa Gerezani, niliyempelekea ile iliyopika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Uliipima kabla ya kuwasha?" Sikuwa nimeipima. Tangu siku hiyo nimefufua kumi na moja na kuua mbili, na zote mbili ziliuliwa na haraka.

Ninayoyaeleza hapa yanahusu zaidi zile gemu zinazopatikana mjini kwetu. Nchi za Ulaya watu wa umri wangu wanakumbuka Commodore 64 na ZX Spectrum, kompyuta za nyumbani zilizotoka zote mwaka 1982. Huku bara hazikutukuta. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni yenyewe ilianza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994, ingawa wenzetu wa Zanzibar walikuwa na yao, tena ya rangi, tangu 1973. Kwa hiyo gemu zilipotufikia zilikuja na TV, na zilizokuja nyingi zilikuwa nakala za Famicom, mashine ya Nintendo iliyotoka Japani Julai 1983. Umbo lilikuwa la kila aina. Nyingine lilifanana na PlayStation kabisa, limeandikwa PolyStation, unafungua kile kifuniko cha duara ukitegemea CD, unakuta tundu la kaseti. Ndani ni Famicom ileile.

Kununua

Kwenye meza ya mitumba usihangaike na rangi wala mikwaruzo. Mimi naangalia vitu vitatu. Kwanza skrubu za chini: vichwa vikiwa vimechubuka, ujue fundi uchwara alishapita, na huenda kakuachia nusu ya bodi. Pili, nazitingisha taratibu karibu na sikio. Kinachogongagonga ndani kinaweza kuwa skrubu, kipande cha plastiki, au mende mkavu. Vyote vinavumilika ukivijua kabla ya kuwasha. Tatu, nachungulia tundu la kaseti kwa tochi ya simu. Pini ziwe zimesimama safu mbili zinazolingana kama meno ya zipu. Ikiwa moja imelala juu ya jirani yake, acha, au omba bei ishuke sana.

Muuzaji akikwambia "nzima hiyo, tatizo adapta tu", mjibu kwa adabu kwamba utalipa bei ya mbovu. Wakati mwingine anasema kweli, lakini si lazima umlipe kwa hilo.

Kaseti zilizoandikwa 9999999 kwa 1 usizilipie ziada. Kaka yangu alikuwa nayo moja, tukakaa siku nzima ya mvua tukizihesabu: gemu saba. Zilizobaki zilikuwa hizohizo saba, zimepewa majina mengine au zinaanzia hatua ya mbele. Battle City, ile ya vifaru ya mwaka 1985, ilijirudia kwa majina sijui mangapi.

Adapta, hapa ndipo zinapofia

Hapa nitakaa sana, maana gemu nyingi zinazoitwa mbovu ziliuawa na adapta.

Adapta ina mambo matatu: volti, ampia, na upande wa chanya. Watu wanaangalia plagi kama inaingia, basi. Plagi kuingia hakuna maana yoyote. Hata funguo ya jirani inaweza kuingia kwenye kitasa chako.

Volti zinatakiwa zilingane na zilizoandikwa chini ya mashine. Famicom yenyewe inatumia volti 10, nakala nyingi 9. Ampia ni mkasa tofauti: ikiandikwa miliampia 850 ukaweka adapta ya 1000 au 2000, hakuna tatizo, mashine inavuta kiasi inachohitaji. Ikipungua ndiyo taabu, picha inatetemeka na adapta inachemka.

Upande wa chanya ndio ulioniunguzia. Plagi ya adapta ina shimo katikati na chuma kinachozunguka nje. Adapta za ruta na vifaa vingi vya siku hizi zinaweka chanya katikati. Famicom, ZX Spectrum na Mega Drive ya kwanza ya Sega zinataka hasi katikati. Mega Drive ya pili, ile ndogo, imegeuzwa: chanya katikati. Kampuni moja, jina moja, adapta mbili zinazopingana. Kwa nakala za Kichina huwezi kukisia, kila kiwanda kilijiamulia.

Chini ya mashine tafuta mchoro wa kidoti kilichozungukwa na duara lenye uwazi, kushoto na kulia kuna alama za + na -. Alama iliyounganishwa na kidoti ndiyo ya katikati. Kisha ipime adapta yenyewe, usiiamini karatasi yake. Multimita, kile kipimo cha umeme chenye ncha mbili, ya bei ndogo inatosha. Izungushe kwenye V yenye mstari ulionyooka, kipimo cha 20. Ncha nyekundu iingize kwenye shimo la plagi, nyeusi iguse chuma cha nje. Ikisoma 9 bila alama, chanya iko ndani. Ikisoma -9, hasi iko ndani. Usishtuke adapta nzito ya zamani, ile yenye transfoma, ikisoma 12 au 13 wakati imeandikwa 9. Haijabeba mzigo; ikianza kazi inashuka.

Na ikiwa mchoro umefutika? Ilinitokea kwa ile ya tatu. Chukua bisibisi ya nyota, fungua, umeme ukiwa haupo kabisa. Tafuta kidude cheusi chenye miguu mitatu, mara nyingi kimefungwa kwenye bati la kupozea, kimeandikwa 7805. Huyo ndiye anayepokea volti 9 na kutoa 5, na ziada anaigeuza joto, ndiyo maana ana bati. Ukimtazama maandishi yakiwa yanakuelekea na miguu iko chini, wa kushoto unapokea, wa katikati ni hasi, wa kulia unatoa volti 5. Sasa weka multimita kwenye alama ya mlio. Ncha moja mguu wa katikati, nyingine kwenye kipini cha ndani ya tundu la adapta. Ikilia, hasi iko katikati. Isipolia, gusa chuma cha pembeni mwa tundu, italia hapo. Mzee wa Gerezani alinifanya nirudie zoezi hili mara nne mbele ya wateja wake, nikiwa na tepu ya kupimia shingoni.

Ukishapata adapta sahihi, washa bila kaseti na bila TV. Ncha nyeusi mguu wa katikati wa 7805, nyekundu mguu wa kulia. Ukisoma kati ya 4.8 na 5.2, shangilia kimyakimya. Ukisoma sifuri, pima mguu wa kushoto: kama 9 inafika kule na 5 haitoki, badilisha 7805. Ni kidude rahisi, maduka ya spea za redio Kariakoo wanavyo. Kapasita iliyovimba kichwa au kuvuja nayo ibadilishe. Namba ya mikrofaradi iwe ileile, volti ziwe zilezile au zaidi, na ule mstari mweupe ubavuni ukae upande wa hasi. Kama hujawahi kushika chuma cha kulehemu, usijifunzie kwenye bodi hii. Peleka kwa fundi redio. Mimi alinichaji elfu tano, na chai juu yangu.

Zile ambazo bodi yake ina tone moja jeusi kama gundi iliyoganda badala ya aisi, vile vidude vyeusi vyenye miguu mingi, ujue ubongo wote uko chini ya lile tone. Likifa limekufa. Rudisha vifuniko, weka pembeni kwa ajili ya spea.

Kusafisha, na habari ya kupuliza

Sote tulipuliza. Gemu ikigoma, unatoa kaseti, unaipuliza mara tatu kama filimbi, unairudisha, inawaka. Nilikuwa mpulizaji rasmi wa kibanda kizima na nilijiona mganga. Kilichokuwa kinaitibu ni kule kutolewa na kurudishwa: pini zinasuguana upya na kushikana. Pumzi iliongeza unyevu wa mate tu, na unyevu kwenye shaba unaleta kutu ya kijani. Mji wetu una hewa ya chumvi tayari, hauhitaji msaada wa mate.

Fanya hivi. Kaseti nyingi za aina hii hazina skrubu, zimebanwa kwa meno ya plastiki. Sitaki uzipasue, huna haja ya kuzifungua. Nunua spiriti, ile safi inayotumiwa na mafundi simu kusafishia bodi, ndiyo nzuri kuliko ya kufutia kidonda kwa sababu haiachi maji mengi. Chovya pamba ya masikio, ikamue, kisha pitisha kwenye meno ya kaseti kutoka ndani kuja nje, usiende kushoto na kulia. Pamba ya kwanza itatoka nyeusi kama umefuta sufuria. Ya pili kijivu. Endelea mpaka itoke nyeupe. Kaseti moja ya Contra ilinila pamba kumi na nne, nilizihesabu zikiwa zimepangwa kwenye meza ya kukatia vitambaa. Doa likigoma, tumia kifutio cheupe cha penseli, sugua taratibu, pangusa vumbi lake. Usitumie msasa. Yale meno yana ngozi nyembamba mno ya dhahabu au madini mengine, msasa unaichuna mara moja na kesho kutu inaanza.

Tundu la mashine ni gumu zaidi kwa sababu vidole haviingii. Hapa ushonaji umenisaidia. Nakata kadi ya plastiki, yoyote iliyoisha muda, upana wa kaseti. Naifunika kwa kipande cha marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba kisichotoa nyuzi, nakibana kwa uzi nyuma. Nakidondoshea spiriti matone mawili, siyo kukilowesha, kisha nakiingiza na kukitoa kama kaseti, wima, mara kumi. Kitambaa kinatoka na mistari miwili ya weusi, kila pini imeacha alama yake, thelathini upande huu na thelathini upande ule, maana kaseti ya Famicom ina pini 60. Ukikitazama kitambaa unaweza hata kujua pini ipi haigusi: alama yake inakosekana. Hiyo utaiinua kidogo sana kwa sindano. Nasema kidogo sana.

Acha nusu saa ikauke. Usikaushe kwa feni iliyojaa vumbi.

Wadudu: mende wanapenda joto la 7805. Nimewahi kufungua moja nikakuta familia, mayai na kinyesi kilichounganisha njia mbili za bodi. Brashi laini ya meno na spiriti vinatosha. Usipulizie dawa ya mende ndani.

TV ya chogo

Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, tukaingia kwenye ving'amuzi. Kuanzia hapo TV za chogo, zile nene za zamani, zikaanza kuonekana mzigo, watu wakazitoa kwenye mlango wa nyuma, na leo unaweza kupewa bure ukimbebea mwenyewe. Pokea. Kwa gemu hizi hakuna kioo bora zaidi. Ila usiifungue kwa nyuma hata iweje: ile chupa kubwa inahifadhi umeme wa maelfu ya volti hata ukiwa umechomoa waya ukutani. Hiyo kazi ina wenyewe.

Gemu ikiwa na matundu ya AV, njano ni picha, nyeupe ni sauti. Imekwisha. Ikiwa na waya wa antena tu, chomeka mahali pa antena, washa gemu, halafu iambie TV itafute stesheni kwa mkono. Siku hizi hakuna kituo cha analojia cha kukuchanganya, kwa hiyo picha ya kwanza utakayoipata ndiyo gemu yako. Mashine zilizotoka Uingereza, kama Spectrum na Mega Drive za huko, zinatoka kwenye UHF, masafa ya juu ya TV, chaneli 36, usizitafute huku chini.

Kuna mtego umeshawahi kunilaza macho. Picha safi, rangi zote, sauti ni mchakacho mtupu kama mvua juu ya bati. Nilibadilisha waya mara tatu. Kumbe Waingereza sauti ya TV yao ilikaa megahezi 6 kutoka kwenye picha, na nchi nyingi nyingine za Ulaya 5.5, hivyo TV iliyotengenezwa kwa mfumo mmoja inaona picha ya mwenzake bila kumsikia. Baadhi ya TV zina sehemu ya kuchagua, kwenye menyu utaona I na B/G. Ukibadilisha hapo sauti inakuja. Isipokuwepo, tumia AV.

Picha ikija nyeusi na nyeupe wakati unajua gemu ina rangi, mashine ni ya NTSC, mfumo wa rangi wa TV wa Japani na Marekani, na TV yako inajua mfumo wa PAL peke yake. Hiyo si mbovu. Angalizo kwa za Japani na Marekani: adapta zake zimetengenezwa kwa volti 100 na 120 za ukutani. Kwetu ni 230. Usizichomeke, hata kwa kujaribu sekunde moja.

Wenye TV ya flati mpya isiyo na AV, vipo vikasha vya kugeuza AV kuwa HDMI, tundu la TV za siku hizi, vimejaa Kariakoo. Vinafanya kazi. Picha inakuwa na ukungu na pedi inachelewa kidogo, unabonyeza ruka, Mario anafikiri kwanza. Mtu aliyezoea simu hataona tofauti. Mimi naiona.

Bunduki ya kuchezea gemu ndiyo haitaki kabisa flati. Wateja wananiletea wakidai imekufa. Duck Hunt, gemu ya bata ya mwaka 1984, inafanya hila: ukivuta kifyatulio, kioo kinakuwa cheusi kwa kitambo kisichoonekana, halafu panapokuwa na bata panachorwa mraba mweupe. Bunduki yenyewe haitoi kitu, ina jicho la kuona mwanga mbele. Ikiona giza kisha weupe papo hapo, umepiga. Lile giza la kwanza ndilo lililotuumbua watoto wa kibanda tuliokuwa tunailenga balbu ya sebuleni. TV ya chogo inachora papo kwa hapo. Flati inachelewa, mraba ukitokea bunduki imeshafumba jicho. Kwa hiyo kabla hujaifungua bunduki, ijaribu kwenye chogo.

Pedi

Kitufe kisichoitika, fungua pedi. Skrubu tano au sita, zikusanye kwenye kisoda. Ndani kuna raba yenye vidoti vyeusi na bodi yenye vidoti vinavyoendana navyo. Futa vyote viwili kwa spiriti kidogo. Kidoti kilichochakaa kabisa kata kipande cha karatasi ya fedha ya kwenye pakiti ya sigara, ukubwa wa kichwa cha pini ya kushonea, gundisha juu ya raba, ile upande wa fedha utazame bodi. Kaka yangu aliishi kwa ujanja huo miaka miwili, kitufe A ndicho kilikuwa kinakufa kila mwezi kwa sababu ya watoto kudhani ukibonyeza kwa nguvu unaruka mbali zaidi.

Plastiki iliyogeuka njano

Hii si lazima, lakini watu wanaipenda. Plastiki nyeupe na kijivu za zamani zinageuka rangi ya chai ya maziwa kwa sababu ya jua na kemikali ya kuzuia moto iliyochanganywa humo. Dawa yake iko saluni. Ile krimu ya kuchanganyia rangi ya nywele, iliyoandikwa asilimia 12 au 40 vol, ina haidrojeni peroksaidi. Toa bodi yote, osha kifuniko kwa sabuni, vaa glavu, paka krimu sawasawa, funga kwa nailoni nyembamba ya kufunikia chakula, weka juani. Wenzetu wa nchi za baridi wananunua taa maalumu. Sisi tuna jua la saa tano asubuhi. Kila dakika ishirini geuza na sambaza krimu upya, pasipopakwa pakishakauka patabaki madoa kama ramani. Usiache juu ya bati wala sakafu ya saruji saa saba mchana, plastiki itapinda na haitarudi kukaa. Yangu moja ilipinda, sasa inafunga kwa ukanda wa lastiki niliyoutoa kwenye kiuno cha suruali.

PlayStation ya kwanza

Imetoka Japani Desemba 1994, na vibandani ndiyo iliyozifukuza kaseti. Mnakumbuka ilivyochezwa imegeuzwa kichwa chini. Haikuwa ushirikina. Kwenye matoleo ya mwanzo jicho la kusomea CD lilipita juu ya reli ya plastiki, karibu na sehemu ya umeme inayotoa joto. Reli inalika, jicho linainama, CD haisomeki. Ukiigeuza, jicho linaning'inia upande mwingine na kulenga vizuri kwa muda. Kabla ya kununua jicho jipya, futa lenzi kwa pamba kavu, pole kama unafuta jicho la mtoto, kisha reli ipakwe grisi nyeupe kiasi cha punje ya mchele. Mafuta ya cherehani hapana. Niliyatumia, maana ndiyo yaliyokuwa mezani, nikaona linateleza vizuri, nikajisifu. Baada ya wiki mbili yalikuwa yametambaa mpaka kwenye lenzi, na ile ndiyo maiti yangu ya pili. Tena ukiifungua hii, kumbuka umeme wa 230 unaingia moja kwa moja ndani. Chomoa, subiri, na usiguse bodi ya umeme.

Ukibahatika na kompyuta

Mara mojamoja kontena la mitumba kutoka Uingereza linatema kompyuta. Ukiona Commodore 64 na lile tofali lake la umeme, usiwashe. Tofali linatoa njia mbili, volti 5 za moja kwa moja na volti 9 za AC, umeme unaobadili mwelekeo kama wa ukutani, na kirekebishaji cha 5 kimezikwa ndani ya gundi kisiweze kupoa. Kikifa hakizimi, kinaruhusu volti zipande na zinachoma aisi za kumbukumbu. Mpe fundi apime ile 5. Ikizidi 5.2, tofali likawe kizuizi cha mlango, utafute jingine.

Spectrum ni rahisi zaidi na inafurahisha kwa sababu programu zake ziko kwenye kaseti za redio, kweli, zile za kina mama za taarabu. Unaunga redio kaseti kwenye tundu la EAR kwa waya, unaandika amri ya LOAD, unabonyeza "play", na kwa dakika kadhaa inapiga kelele ya kukereketa na mistari ya rangi inacheza pembeni mwa kioo. Sauti iweke robo tatu hivi. Ikigoma, zungusha kidogo kile kiskrubu kilicho ubavuni mwa kichwa cha redio mpaka kelele iwe kali na safi. Nilipoifanya hiyo kibarazani kwangu, mama mmoja aliyeleta gauni la kupunguza akaniuliza kama redio imeingiwa na nyuki.

Kutunza

Funika kwa kitambaa, siyo nailoni, nailoni inafungia unyevu. Vile vipakiti vya chembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya viweke kwenye boksi la kaseti. Umeme ukikatika, chomoa adapta ukutani kabla haujarudi. Unaporudi unarudi na kishindo. Kile kifaa cha kulinda friji kinalinda na gemu pia.

Ile iliyopika bado ninayo. Mzee alibadilisha kapasita mbili na 7805, ikawaka, ila sauti inatoka kwa mbali kana kwamba Mario yuko nyumba ya pili. Mtoto wa kaka yangu anasema niiache hivyohivyo, maana usiku anacheza, na mimi siamki.